Mustari Mwekundu ku Mulango ya Jiko

Kolwezi, tarehe 12 septemba 1993

Yaya yangu, dada mukubwa, Mama Mianda,

Jambo yako, jambo ya tata Kankolongo, bwana yako, na jambo ya Mianda mara tatu. Muko bazima? Mwili inasema nini? Siye huku tuko, Mungu anatulinda. Tatiana alikuwa na homa, ilishapita.

Nilipata adrese yako kwa tata Ngoy, fundi ya treni. Anasema alikuona Mwene-Ditu, kule Kasai, unauzisha mikate ya mafuta pembeni ya stasioni, na sauti yako iko ileile ya kugombeza batu. Nilicheka mpaka machozi. Lakini mutoto hakumuona. Nilimuuliza mara mbili: "Na Mianda?" Anasema hajui. Huku batu balisema surua ilipita mu batoto bale balilala ku stasioni ya Kolwezi kungoja treni. Yaya, usinifiche.

Nakuandikia tena juu ya kesi. Unakumbuka sheria yetu. Mu 91, wakati muzungu, chef ya tata Mianda, alikimbia, aliwaachia mashini ya michezo ya kuunga ku tele. Batoto bakaileta kwetu juu tele yenu ilikuwa ilishakufa. Tukaikala siye bawili, tukaangalia kasete yote tatu. Ku kartoni hakuna fasi yenye kuandikwa ni ya mutoto ya miaka ngapi. Njo wewe ulisema: tutaandika siye benyewe. Ku mulango ya jiko yangu tukavuta mistari. Ya chini na makala, kasete ya motokari. Ya katikati na makala, kasete ya ngumi. Ya juu kabisa tuliivuta na verni yako mwekundu ya kucha: kasete ya vita, ile yenye askari banapasuka. Mutoto mwenye hafike mustari, hachezi. Mi naangalia kichwa, wewe unaangalia bisigino, juu bale bachawi banasimamaka ku bidole.

Sasa Tatiana anasema alishafika mwekundu. Kichwa kweli inagusa. Lakini bisigino, nani ataangalia? Nikiinama, kichwa inaruka. Nikisimama, bisigino inaruka. Anataka nimuite mama Henriette wa pembeni. Nilikatala. Sheria ilikuwa ya mama bawili, na Henriette si mumoja wao.

Uniandikie, hata kama ni neno moja.

Mudogo yako,
Ernestine, Mama Tatiana


Kolwezi, tarehe 5 desemba 1993

Yaya,

Jambo yako, jambo ya bote. Mwili ni namna gani? Siye tuko. Kampuni njo haiko: mashini karibu yote inasimama, na mwezi ya nne sasa tata Tatiana anaenda ku kazi, anarudia mikono bule.

Ngoy anaapa alikupa barua yangu mu mukono. Basi ulisoma. Basi unakasirika, na uko na haki.

Acha niseme. Ile siku ya machi, bijana balikuya mu avenyu na fimbo, banaimba Bakasai ni bilulu, ni badudu, batoke. Ulipiga hodi kwetu. Si ku mulango ya mbele, ku ya jiko, juu ulijua njo yenye sifungake. Ile siku nilifunga. Kabemba, bwana yangu, alisema bakikuta Bakasai kwetu batachoma nyumba. Nilisimama nyuma ya mulango, mukono ku funguo, nikasikia Mianda anasema: "Mama, pengine banalala." Saa sita ya muchana, Yaya! Nani analala saa sita? Niliogopa. Sina neno ingine ya kukupa. Unisamehe ao usinisamehe, lakini habari ya mutoto usininyime.

Juzi nilikuta batoto ya avenyu banacheza. Bamoja ni bilulu, banabeba mafurushi ya majani. Bengine banawafukuza mpaka ku reli yenye balipanga na mawe. Tatiana njo alikuwa na fimbo. Nilimuvuta na sikio mpaka ku nyumba. Analia: "Mama, hii hamukuitia mustari!" Ni kweli, hatukuitia. Na mi nawaza hata bababa zao hawakufika urefu ya kucheza ile. Kasete ya vita niliificha mu pipa ya unga.

Mianda iko? Sema tu ndiyo ao hapana.

Mudogo yako,
Ernestine


Mwene-Ditu, tarehe 20 februari 1994

Ernestine,

Jambo. Tuko bazima bote batatu. Natanguliza ile juu nakujua, hautasoma ingine mbele ya kuikuta. Mianda iko. Unasikia? Iko, anakula, anajibu bibaya, mudomo ni yangu kabisa.

Barua yako ya kwanza niliitupa chini ya godoro. Nilisema: angalia huyu mwanamuke, anatufungia mulango, kisha ananiandikia habari ya michezo! Ile siku nilichoma bakuli nzima ya mikate juu ya hasira. Ya pili njo ilinivunja. Nilisikia ile funguo, Ernestine. Nilisikia pumzi yako. Miezi yote yenye tulilala ku stasioni, sikuchukia bale bijana sawa nilichukia ile pumzi. Sasa ulishasema wewe mwenyewe, na mi nilishachoka kuibeba. Musamaha yangu iko mu njia. Itachelewa, treni ya kwetu unaijua.

Surua ilimukamata Mianda ku stasioni, juu ya simenti, siku tisa. Mutoto ya Adolphine, mwenye tulikuwa naye pembeni, alilala karibu yake. Ule tulimuzika. Mianda alifungua macho siku ya kumi, akauliza manete yake iko wapi. Ndiyo! Ule mwizi aliondoka na manete moja ya mashini, ile ya kufinya na bidole, mu kifuko ya masomo, mi sikujua. Mu vagoni alikuwa anaifinya-finya bila tele, anatuambia: "Hapa tunaruka. Hapa tulishapita." Batu bazima na ndevu zao banamuuliza: "Mutoto, tulifika fasi gani?" Naye anabajibu! Leo pia analala nayo.

Juu ya kesi. Tatiana asicheze. Bisigino yake ninaiacha. Ile ya vita inachezewaka na batu bawili, na mwenzake hajafika. Batacheza bote siku moja ao hawatacheza.

Natuma kamba kwa mukono ya Ngoy. Nilisimamisha Mianda ku ukuta, mi nikaangalia kichwa, Adolphine akaangalia bisigino. Fundo ya juu ni kichwa, ya chini ni simenti. Upime, uniambie.

Yaya yako (nilishaandika, sifuti),
Kabedi, Mama Mianda


Kolwezi, tarehe 27 machi 1994

Yaya yangu, Yaya yangu,

Jambo yenu bote batatu! Batatu! Niliimba ile hesabu mu avenyu mpaka mama Henriette akatoka kuuliza nani anaolewa. Mwili yenu iko muzuri, siulize, nilishaisoma. Yetu pia, leo ni muzuri kabisa.

Nilisoma mustari ya kwanza, nikaanguka chini ku mulango, nikalia. Maskini Ngoy alifikiri alileta kilio, akavua kofia. Ya mutoto ya Adolphine niliisoma kisha. Umuambie namulilia naye, hata kama hanijui.

Tulipima. Tatiana alilala tumbo chini, akashika fundo ku simenti. Mi nikavuta juu. Yaya, wakati muliondoka, Mianda alibakia bidole mbili chini ya mustari ya ngumi. Alama yake iko pale, sikuruhusu mutu aifute. Sasa aliupita, bidole tatu juu! Na surua, na njaa, na ile simenti, mutoto alikomaa! Nilipiga bigelegele peke yangu.

Kabemba akaingia, akauliza ile kamba ni ya nini. Nikamuambia: "Ni Mianda." Tangu ile machi hakutaja jina yenu. Kisha akainama, ule mubaba na mugongo yake yenye kuuma, akaangalia kama fundo inagusa chini kweli. Akasema: "Bisigino iko muzuri." Akatoka mbio, na macho yake niliiona.

Kamba tuliipigilia palepale, pembeni ya alama ya Tatiana. Kila mara akipita ku jiko anaisukuma na bega, anaiambia: "Kula, wewe!" Motokari namuruhusu acheze, na manete moja yenye ilibakia. Anashinda kila siku, na anasema haina butamu. Kasete ya vita iko mu unga. Tatiana aliikuta, na yeye mwenyewe njo aliirudisha, sikumutuma.

Mulango ya jiko sifunge tena muchana, na Kabemba naye anapitia pale.

Mwezi yenye inakuya utume kamba ingine. Inabakia bidole nne kufika mwekundu. Nne tu, Yaya. Muongezee mutoto bukari mu sahani.

Mudogo yako,
Ernestine