Kwa Shemeji Magesa, Uliyenisomea Ramani

Shemeji yangu mpendwa,

Ungekuwa hai ungeigeuza barua hii mbele na nyuma na kuuliza, "Maduhu kaandika? Maduhu huyuhuyu?" Ndiye. Nimekaa juu ya tofali hapa saiti, Buswelu, simu iko karibu na mdomo. Mimi nasema, simu inaandika. Dada yangu Kabula, mkeo, ataisoma na kunyoosha palipopinda. Na nimekubali isomwe na yeyote, maana mafundi wa aina yangu tuko wengi na tunajificha.

Shemeji, kuna mambo huku! Hata sijui nianzie wapi.

Unakumbuka nilivyokuja kwenu kutoka Misungwi. Nilikuwa najua ng'ombe tu, shule niliiona kwa mbali nikiwa nyuma ya mifugo ya baba. Wewe ulikuwa umemaliza chuo cha ufundi na umeshamuoa Kabula. Ukanishikisha mwiko. Baada ya muda ukuta wangu ukawa umenyooka kuliko wako, na ulisema mwenyewe mbele za watu, "Huyu shemeji yangu ana timazi mkononi." Tarakimu za futi nilizijua, maana bila hizo hupimi ukuta. Lakini karatasi ya ramani ikifunguliwa, ile mistari kwangu ilikuwa nyayo za kuku. Na maneno ndiyo kabisa.

Kila asubuhi, wenzetu wakiwa wanabadili nguo, ulikuwa unanivuta nyuma ya stoo ya saruji. Unachukua kipande cha nondo, unachora mchangani. "Hapa mlango, unaangalia ziwani. Hapa dirisha, futi nne. Kona hii iache, kuna bomba litapita." Ukimaliza unafuta kwa kiatu. Msimamizi akiniita mbele ya ramani napapasa mfuko: "Aa, miwani nimeisahau." Nawe unaingia kati: "Nionyeshe mimi, nitamwelewesha." Hadi siku moja ukaniletea miwani kutoka sokoni, vioo vitupu visivyo na nguvu yoyote, ili uongo wetu ukamilike. Tulicheka ukashika mbavu. Tukaenda hivyo miaka kumi na minane.

Ulipofariki watu waliniona nalia, wakasema ameondokewa na shemeji. Ni kweli. Ila nilikuwa naomboleza macho yangu pia. Tangu hapo sikukanyaga saiti kubwa. Nilijenga kuta za uzio, vyoo, mabanda ya kuku, kazi ambazo mwenye nyumba anakuelekeza kwa mdomo. Wakinitafuta kwa ghorofa nasema mgongo unasumbua. Mgongo wangu mzima, shemeji, wewe unaujua.

Mwaka huu wakaanza kujenga wodi ya wazazi, ghorofa moja, pembeni ya zahanati ya zamani hapa Buswelu. Fundi mkuu wao aliugua ghafla, na mtu aliyetufahamu mimi na wewe akanitaja. Kabula ndiye aliyenisukuma. "Nenda. Utajenga mabanda ya kuku mpaka lini?" Nikaenda na miwani yangu ya vioo vitupu.

Injinia ni binti wa mjini, Rehema, anavaa hijabu chini ya kofia ngumu. "Shikamoo mzee." "Marahaba." "Karibu. Hapa hatutumii karatasi, ramani zote ziko humu." Akanipa kishikwambi, hicho kidude bapa kama simu iliyonenepa. Nikajua leo ndiyo leo.

Basi nisikilize. Akagusa kioo mara moja, na ile mistari ya nyayo za kuku ikasimama. Ikasimama, Magesa! Kuta zikapanda, nguzo zikaota, ngazi ikajikunja, bati likafunika. Jengo zima mkononi mwangu. Akaniambia, "Tumia kidole, mzee, ingia." Nikaingia mlangoni. Nikapita sebule ya kusubiria, nikapanda ngazi, nikatazama dirishani. Nikarudi chini nikavua ukuta kwa kidole nikaona bomba lilivyolala ndani. Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka, Rehema akauliza, "Kuna nini, mzee?" Nikamwambia vumbi limeingia machoni.

Wiki ile nilikuwa kama mtu aliyepona. Mchana wenzangu wakila, mimi natembea ndani ya jengo ambalo halijajengwa. Hapa saiti kuna na droni, kila Jumamosi inaruka juu yetu inalia kama nyuki na kupiga picha, kisha Rehema analinganisha picha na ramani aone tulipokosea hata vidole viwili. Kiwango tunapima kwa mwanga mwekundu wa leza unaozunguka kuta zote kwa mpigo. Ule mpira wa maji tuliokuwa tunavutana mimi huku na wewe kule, tukigombana nani kaachia kidole, sijauona tena. Nimeukumbuka kidogo, usinicheke.

Sasa sikia kilichotokea. Ulikuwa na neno lako tukijenga hospitali: "Jenga kama anayepita hapa ni Kabula." Basi siku moja nikaingia kwenye kishikwambi nikijifanya nasukuma kitanda, Kabula yuko juu yake na uchungu umemshika. Nikapita korido, nikafika chumba cha kujifungulia, nikakata kona. Nikasimama. Kuna nguzo mbele ya mlango. Mtu anapita vizuri, kitanda hakikati kona. Nikarudi nikapita tena, mara tatu. Hakikati. Na nguzo zilikuwa zimeshamwagwa, ukuta ule tulikuwa tunauanza kesho yake.

Nikamwambia Rehema. Akatazama, kisha akasema, "Mzee, andika hapa yaende kwa aliyechora. Andika wewe uliyeona." Akaninyooshea kishikwambi.

Mafundi walikuwa wamesimama hapo. Mkono ukaenda mfukoni kutafuta miwani, shemeji, kwa mazoea tu. Kisha nikauacha.

"Injinia, mimi sijui kusoma wala kuandika."

Fundi nondo mmoja akainamisha kichwa, na baadaye niligundua kwa nini. Rehema wala hakushtuka. "Kwani kuna shida? Bonyeza hiki cha kipaza sauti, sema."

Nikabonyeza nikasema. Alipousoma ujumbe kwa sauti ulikuwa hivi: "Nguo imesimama mbele ya mlango wa wazazi." Nguo! Lafudhi yangu ya Kisukuma ilikuwa imeila nguzo. Watu walicheka, nikacheka nao, na kicho kikaniondoka. Nikarudia polepole, ikaandika vizuri.

Mchoraji hakukubali. Alipiga simu: "Vipimo vya mlango viko sawa. Huyo fundi aendelee na tofali zake." Rehema akanitazama. "Mzee, una uhakika?" Nikamwambia tukaazime kitanda zahanati. Tukapanga tofali kavu kwenye jamvi, ile sakafu ya zege ya chini, bila udongo wa saruji, ukuta na mlango wake kama ramani ilivyotaka. Watu wanne tukasukuma. Kitanda kikagoma, miguu imekwama ukutani, kichwa nguzoni. Nesi aliyetuazima akasema, "Na hapo hamna hata mgonjwa juu." Rehema alikuwa anarekodi kwa simu, akaituma.

Kabla ya saa sita mchoraji akapiga tena. "Nimeona. Msiujenge huo ukuta. Mshukuruni fundi."

Asubuhi yake mlango ulikuwa umehamishwa, na ramani mpya imeingia kwenye vishikwambi vyote kwa pamoja, cha fundi bomba, cha fundi umeme, changu. Unaukumbuka ukuta tuliobomoa kwa sababu fundi bomba alikuwa na karatasi ya zamani na sisi mpya? Ulikaa chini ukashika kichwa. Mambo hayo yamekwisha hapa. Siku hizi mafundi wenzangu wananifuata, "Mzee Maduhu, tuonyeshe unavyoingia." Na yule fundi nondo alikuja taratibu akaniambia, "Hata mimi." Sasa tunakaa wote mchana, Rehema anatufundisha herufi kidogo kidogo. Jina langu naliandika. Lako pia, nimelijaribu.

Jumapili nilikwenda kwa Kabula nikaungama yote, nikidhani nitamshtua. Akaendelea kuchambua dagaa.

"Nilijua zamani. Miwani yako nilishaivaa siku moja, haina kitu."

"Magesa alikuambia?"

"Hakuniambia. Ila aliitwa akawe msimamizi ng'ambo, Sengerema. Angevuka kwa kivuko cha Kigongo Jumatatu na kurudi Jumamosi. Akakataa. Nilimgombeza sana. Akasema, 'Nikiondoka, Maduhu atamtazama nani?' Hapo nikaelewa."

Shemeji, hukuwahi kunitajia Sengerema. Nilivuta kile kigoda cha jikoni nikakaa. Ulikuwa uwe bosi, ukabaki unachora mchangani kwa ajili yangu na kufuta kwa kiatu. Nimekaa na jambo hilo siku kadhaa. Linauma, na linanipa nguvu vilevile. Sina namna ya kukurudishia, ila yule fundi nondo tayari anasoma ramani bila mtu kumsimamia, na wako wawili wengine nyuma yake.

Nina mengi bado, lakini gari la zege linapiga honi getini. Leo tunamwaga sakafu ya juu, na Rehema anapunga mkono kule, anasema aliyeiona nguzo ndiye aanze. Zege halimsubiri mtu. Napanda.

Pumzika, mume wa dada yangu. Asante.

Shemeji yako,
Maduhu