Masta ya Breki Niliyoipakata Kutoka Dar

Jumamosi, Ndagoni. Kumekucha na manyunyu, sasa ni joto la kunata. Sina hasira. Ni dharau tu, na nimeona niiandike kabla haijapoa.

Mdogo wangu Shaibu ana pikapu inayobeba barafu kutoka mjini Kilindoni kuja huku kijijini, kisha inarudi na pweza. Hivi karibuni masta ya breki ilikufa, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu. Gari likavutwa kwa kamba hadi karakana ya mtu nitakayemwita Fundi Hamadi, kwa kuwa Kilindoni nzima Shaibu hajui mwingine anayegusa breki za gari. Hamadi alikuwa na masta moja ya kumuuzia, iliyopakwa rangi ya fedha ing'ae kama mpya. Shaibu aliitambua. Ilitoka kwenye gari la jirani yetu, lile ambalo kuku wanatagia ndani.

Akanipigia simu. Nikanunua mpya Dar, nikavuka nayo nimeipakata kama mtoto mchanga, maana kwenye boti mizigo hurushwa.

Haraka ilikuwa na sababu. Kijiji kilikuwa kimeufunga mwamba wa baharini, hakuna kuvua, kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na leo ndiyo siku ya kuufungua, bahari ya bamvua, maji yanapokauka mbali na wanawake wanafika mwambani kwa miguu. Pweza wengi hutoka siku hiyo moja. Pasipo barafu wala gari, ikifika jioni wanawake hao humuuzia mchuuzi wa pikipiki kwa bei anayoitaja yeye, bila hata kuzima injini. Mke wa Shaibu ni mmoja wao.

Jana asubuhi nikafika karakana. Nikatoa salamu, nikampa Hamadi boksi. Akaligeuzageuza kama anayepewa samaki wa juzi.

"Dada mwandishi, spea ya kuja nayo mimi siijui. Sijui baba yake wala mama yake."

"Na ile yako ya rangi ya fedha, baba yake unamjua?"

Waliokaa kwenye benchi wakacheka. Yeye hakucheka.

Karakana ile ina utaratibu wake. Ukileta spea yako, fundi anakusimamisha mbele ya benchi utamke kwamba spea ni yako na lawama ni zako, na wanaosubiri ndio mashahidi. Nimehudhuria ndoa zilizofungwa kwa uzito mdogo kuliko ule. Nikatamka. Vijana wawili wa bodaboda wakaitikia, "Tumesikia." Akaitikia na Bi Tatu wa Miburani, muuza nazi, aliyekuwa akisubiri bajaji yake ya mizigo.

Hamadi akafunga masta yangu huku akihutubia kuhusu usalama, dhamana na spea feki za mjini. Akakaza nati, akajaza mafuta, akajifuta mikono. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kutazama watu wanafanya nini wakati midomo yao inafanya kingine. Aliyoyasema yalikuwa mengi. Aliyoyafanya yalikuwa machache.

Nikaingia garini, nikakanyaga breki. Pedeli ikazama mpaka sakafuni.

"Si nilisema?" Alisema kwa sauti ya kutosha benchi zima. "Spea ya kuja nayo hiyo. Ile yangu bado ipo, ukiitaka."

Hapo nikamwelewa. Ukibadilisha masta lazima utoe upepo ulioingia kwenye paipu, gurudumu moja baada ya jingine: mmoja anakanyaga breki, mwingine analegeza skrubu nyuma ya gurudumu. Kila mwenye gari bovu anajua, na sisi tumekulia kwenye magari mabovu. Hamadi hakusahau. Aliuacha upepo ndani ili spea yangu ionekane mbovu.

Njia ya Ndagoni haina milima. Ina watoto, mbuzi na baiskeli.

Sikupandisha sauti. Nilirudi kusimama palepale aliponisimamisha mwanzo.

"Mashahidi, mlishuhudia spea ni yangu. Shuhudieni na hili. Amegusa gurudumu hata moja?"

Wale vijana wa bodaboda wakakumbuka simu zao. Wanaume wenye ndevu, wanachungulia vioo kama vile kuna mtihani humo ndani.

Bi Tatu ndiye aliyesema. "Hamadi mwanangu, usinitie dhambini siku ya Ijumaa. Nipo hapa tangu chai. Chini ya gari hata hujachungulia."

"Bi Tatu, muuza nazi na breki wapi na wapi?"

"Macho yangu hayauzi nazi."

Hamadi akaingia chini ya gari. Mimi nilikanyaga, yeye akalegeza. Mapovu yakatoka, kisha mafuta matupu, na pedeli ikapanda. "Sasa imekubali," alisema, kana kwamba ilikuwa imegoma yenyewe.

Leo barafu imefika kabla maji hayajajaa. Pweza wameingia Kilindoni wakiwa wabichi, na mchuuzi wa pikipiki ameondoka na tenga tupu. Ningekuwa kazini, habari ingeishia hapo.

Lakini mchana, wakati wa kupakia, Shaibu alichagua pweza mkubwa, akamtia kwenye mfuko, akaniambia nikampe Fundi Hamadi. Nilidhani ananitania.

"Dada, wewe keshokutwa unarudi zako Dar. Mimi nabaki na hizi breki."

Nikaupokea mfuko. Nikapanda pikapu, nikaenda. Nikatoa salamu, nikampa kwa mkono wa kulia.

Hamadi akampima pweza kwa macho, akaridhika. "Unaona, dada? Hatuna ubaya."

Bajaji ya Bi Tatu ilikuwa uani, gurudumu la mbele limeng'olewa, haijaguswa tangu jana. Jana asubuhi, kabla Bi Tatu hajafungua mdomo, nilimsikia Hamadi akimwahidi kuwa itatoka alasiri. Sasa anasema haina kebo ya klachi, na kebo haijulikani itakuja lini. Nazi za watu zinangoja Miburani.

Hapo ndipo dharau ilipotulia mahali pake.

Nimepita kwa Bi Tatu nikapiga picha karatasi za bajaji, nisije kukosea aina ya kebo. Jumatatu navuka. Nikirudi nitakuwa nimeipakata kebo hiyo, na Hamadi akiifunga, nitakuwa nimekaa kwenye benchi.