Walimcheka Caritas kwenye Simu ya Dharura

Simbo, Kigoma
14 Agosti 2016

Mpendwa mdogo wangu Anatoli,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Newala? Mkeo Wema hajambo? Na mtoto Bariki, ameshaacha kukohoa? Sisi tunapumua, tunashukuru. Mama anakula vizuri ila magoti yanamsumbua asubuhi. Mihogo tumeshavuna.

Kwenye simu ulisikia kwamba kaka yako Selestini aliumia. Yaliyofuata sikukwambia, kwa sababu kila nikianza nalia, na salio linakwisha. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unakumbuka zamani mtu akiumia tulipiga simu zahanati, Veneranda anapokea, na dereva anajua njia ya kila shamba. Mwaka huu wamekomesha hayo. Wamefungua kituo kipya mjini, namba moja kwa wote, kompyuta, vijana wenye vitambulisho shingoni. Walikuja kututangazia kwa kipaza sauti kwamba sasa tumekuwa wa kisasa. Nilipiga makofi, Anatoli. Mikono hii hii.

Siku ile Selestini alipanda mchikichi kukata mikungu. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Mkanda wa kupandia ukakatika, akaanguka na panga lake, mguu ukavunjika na kupasuka chini ya goti. Mimi nilikuwa Kibirizi kununua dagaa. Shemeji yako Caritas alikuwa peke yake naye. Akamfunga mguu kwa kitenge, akapiga ile namba.

Wewe unamjua Caritas. Ana miaka mitatu tu hapa tangu aolewe, na akiogopa Kiswahili chote kinamkimbia, kinabaki Kirundi. Alipiga mara tano. Mara tatu walimkatia. Mara ya nne na ya tano simu haikuita kabisa.

Jirani yetu Petero akasikia kilio, akaja, akapiga kwa simu yake. Wakamuuliza mtaa na namba ya nyumba. Huku Simbo! Akawaeleza shamba lilipo, wakasema gari linakuja. Wakangoja mpaka saa saba, hakuna gari. Petero akakodi bajaji, wakamlaza Selestini miguu ikining'inia nje, mpaka hospitali mjini.

Mguu umekatwa, Anatoli. Daktari alisema kama Selestini angefikishwa mapema kwa saa mbili tu, angejaribu kuuokoa. Alisema polepole, lakini nilimsikia.

Wiki iliyofuata nilimshika Caritas mkono tukaenda kituoni. Msimamizi anaitwa Hamdani, mtu wa makamo, mpole. Akatafuta namba ya Caritas kwenye kompyuta, kisha akaigeuzia upande wake. Nikazunguka meza nikasoma mwenyewe. Pameandikwa: "Msumbufu. Amefungiwa."

Kumbe ndiyo maana simu haikuita! Walimfungia kama watoto wanaopiga kwa mchezo.

Nikamwambia, "Mlisema simu zote zinarekodiwa. Tusikilizishe."

Hakutaka. Nikakaa chini, nikamwambia siondoki. Mwishowe akabonyeza. Tukamsikia Caritas analia: "Umugabo wanje yakorotse! Yakorotse!" Mume wangu ameanguka. Mtoto yeyote wa Kiha angeelewa, maana lugha zetu zinasikilizana. Lakini vijana wale wameletwa kutoka mbali, na hakuna aliyefikiri kuweka hata mtu mmoja wa hapa. Halafu ikaja sauti ya kijana: "Hawa wakimbizi nao wameanza." Na kicheko. Si cha mtu mmoja. Kisha simu ikakatwa.

Wakimbizi! Mke wa ndugu yetu. Na hata angekuwa ametoka kambini jana, mguu wa mumewe ungetoka damu ya rangi nyingine?

Caritas hakulia. Mimi ndiye niliyepiga meza mpaka mlinzi akaingia. Hamdani akaanza kuomba radhi, Caritas akamkatiza kwa Kiswahili kilichonyooka: "Usiniombe mimi. Aliyekatwa mguu yuko kitandani."

Basi Hamdani akaja kweli nyumbani, Jumapili, baada ya misa, Selestini ameshatolewa hospitali. Alisema wamekuta namba nyingine thelathini na nane zimefungiwa hivyo hivyo, wamezifungua zote, na dada mmoja wa Bangwe anayejua Kiha na Kirundi ameanza kazi. Ni jambo jema, sikatai. Lakini thelathini na nane, Anatoli! Nani walikuwa wanapiga, na walifikwa na nini?

Akamuuliza Selestini anataka nini zaidi. Nilidhani atataja gongo la kutembelea. Selestini akajiinua kwa viwiko, akasema, "Nataka yule aliyecheka aje hapa, akae kwenye kigoda hicho, anisalimie kwa jina langu."

Hamdani aliahidi kumleta. Wiki tatu zimepita, hajaja. Kila Jumatatu nikitoka Kibirizi napita kituoni na harufu yangu ya dagaa, nasimama mbele ya meza ya Hamdani na kumuuliza, "Leo?" Wanafungua madirisha. Nitaendelea kwenda.

Mama anakusalimu, Caritas na watoto pia, na Petero anamsalimu Wema. Selestini anasema usimwonee huruma, umwandikie tu habari za mpira. Mungu awafunike nyumba nzima, na simu yenu ikiita, ipokewe na mtu mwenye moyo.

Ni mimi dada yako, akupendaye bila kuchoka,

Leonia