Mama, Ukuta Wako wa Mtoni Umesimama

Mpendwa Mama,

Nakuandikia nikiwa hapa Nairobi, mtaa wa Tena, katika nyumba ile ile uliyoikataa. Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai, na siku ya mazishi nilishindwa kulisema mbele za watu.

Unakumbuka nilivyokuja kukuchukua? Mto wetu kule Ukambani ulikuwa umekauka mapema, nawe ulikuwa ukitembea nusu siku kutafuta maji na goti lako bovu. Nikakuambia mwanao ni dereva, ana nyumba Nairobi, njoo upumzike. Ulikaa wiki mbili. Mifereji ilikauka siku ya tatu, na kila asubuhi uliniona nikiteremka ngazi na mitungi kumkimbilia muuza maji na mkokoteni wake. Siku moja ulicheka hadi ukashika mlango.

"Kumbe hata huku mnangoja maji! Mwanangu, nirudishe. Kama ni kungoja, nitangojea kwangu."

Nikakurudisha, lakini hukungoja. Uliwaita wanawake wa mwethya, kikundi chenu cha kusaidiana kulima, ukawapeleka pale mtoni ambapo zamani ng'ombe walifukua mchanga wakanywa hata wakati wa kiangazi. Ukawaambia chini yake kuna mwamba. Tukijenga ukuta juu yake, mvua italeta mchanga, nao mchanga utayaficha maji jua lisiyanywe. Mawe mliyatoa mlimani. Simiti tu ndiyo iliyotoka dukani.

Mvua ikawawahi. Ukuta ulikuwa umefika kiunoni, mto ukausomba wote. Nilikupigia simu kwa hasira, Mungu anisamehe.

"Mama, mnajichosha bure! Hiyo ni kazi ya wahandisi. Rudi huku Nairobi."

"Mto umechukua ukuta," ukasema, "haujachukua mawe. Tumeyaona huko chini. Kesho tunaanza kuyarudisha."

Nikaomba likizo. Sikukuarifu. Ulinikuta tu kwenye mstari wa wanawake, nikipokezana mawe na jirani yako Mwongeli, naye akapaza sauti ili usikie: "Mama Mutua, huyu wako anabeba jiwe kama yai!" Walicheka wote, wewe kuwashinda. Siku ile ndipo nilipokuona kweli, Mama. Ulikuwa umesimama ndani ya msingi, matope hadi magotini, ukipima kwa kamba, na watu wazima wakisubiri neno lako.

Safari hii ukuta ulistahimili. Mvua zikaja, mchanga ukajaa polepole nyuma yake. Nawe ukatutoka kabla ya kiangazi cha kuupima.

Mwaka huu kimekuja, kikali. Nilienda nikapiga magoti mtoni, nikafukua kwa mikono. Mkono ulipozama hadi kwenye kiwiko, maji yakaja, baridi, safi. Nikanywa huku nalia, na Mwongeli akajifanya anapalilia mboga zake za sukuma wiki kando ya mto asinitazame.

Sasa lile jambo. Wenzangu kazini walipouliza habari zako, niliwaambia umestaafu, umepumzika. Niliona haya kusema mama yangu anabeba mawe. Nilidhani nakuokoa, kumbe nilikuwa nakuondoa mahali ulipohitajika. Nilikosea, Mama. Siku hizi nawasimulia kila kitu, mpaka wananiambia wamechoka kusikia habari za ukuta.

Jana Mwongeli alinipigia. Watu wa kijiji cha ng'ambo wamekuja kuwaomba wawaonyeshe namna ya kujenga ukuta wao, na wanaanza Jumatatu. Hakuniuliza kama nina nafasi. Aliniuliza tu kama nitalala kwake au nitaifungua nyumba yako, iliyofungwa tangu tukuzike.

Nitaifungua, Mama. Nitapiga deki, nitawasha moto jikoni, na wanawake wako wakitoka mtoni wapate chai.

Pumzika sasa, kwa kuwa kazi ina watu.

Ni mimi mwanao, kifungua mimba wako,
Mutua