Sauti Yako Jikoni

Ndugu yangu Mwirigi,

Huku Laare mvua imechelewa na miraa imekonda. Mama bado hukaa karibu na redio akingoja usome habari.

Jana uliposema vijana wetu wameua "maadui wawili" mpakani mwetu na Waborana, watu sokoni walipiga makofi, kisha wakaanza kumtafuta Gumato, yule Mborana anayetuuzia maziwa tangu utoto wetu. Tumemficha jikoni. Jioni ulirudia habari ile kwa Kimeru, ukataja na majina yao, naye Kimeru anakielewa vizuri. Adui wako mmoja ni mwanawe, aliyekuwa akichunga mbuzi.

Mama alizima redio. Gumato hakulia. Aliuliza tu, "Huyu anayesoma habari si yule mtoto niliyekuwa nikimwongezea maziwa?"

Mjibu wewe, kwa sauti hiyohiyo.

Dada yako,
Nkirote