Daktari Ananiuliza Mimi

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumatano ya wiki ijayo, maana siku hiyo nafanyiwa upasuaji wa titi na akili yangu imegoma. Kazi yangu ni kukagua mayai kwenye kiwanda cha kutotolesha vifaranga, nakaa chumba cha giza, naweka yai juu ya taa naona ndani, na miaka kumi na moja sijazoea, nikiona kale kamoyo kanadunda nanyamaza kama niko ibadani. Sasa juzi nimeonyeshwa picha ya titi langu mwenyewe, nikashangaa vilevile, nyeupe tupu, limejaa kama mawingu, nikasema kweli Mungu ni fundi, daktari akaonyesha kwa kalamu akasema uvimbe huu hapa, mdogo, ni saratani, tutautoa na titi litabaki, ila tishu zako zimesongamana, hutoka nyeupe na uvimbe nao hutoka mweupe, kwa hiyo kama kuna mwingine huenda picha imeuficha. Akasema kipimo cha MRI kinaweza kuona zaidi, lakini pia kinaweza kuonyesha kitu kisicho saratani, nikachomwa sindano ya kupima bure na upasuaji ukachelewa. Halafu akaniuliza, "Mama, wewe unaonaje?" Mimi! Shule niliiachia njiani! Nikamwambia msomi ni wewe, amua, akakataa, akanipa hadi Ijumaa hii nimjibu. Dada yangu anasema daktari anayemuuliza mgonjwa ameishiwa, nitafute mwingine akate titi lote yaishe. Mume wangu nimemdanganya kwamba hakuna kipimo kingine, maana ataogopa kuliko mimi. Nifanye nini?

Mkagua Mayai

Mkagua Mayai, pole sana. Nimekusoma mara mbili kwa ajili ya hicho chumba chako cha giza. Lakini wewe na dada yako mmenikera. Nani kawaambia daktari akiuliza ndiyo hajui? Amekueleza faida, akakueleza na hasara. Wa namna hiyo hawaokotwi barabarani.

Tishu kusongamana si ugonjwa wala si kosa lako. Wanawake wengi tuko hivyo, na kwa kushika tu huwezi kujua. Na wewe kati ya watu wote! Yai la ganda nene, taa isipopenya, unalipitisha tu? Najua hulipitishi. Wala hulitupi.

MRI sikuamulii, mimi si daktari, na wenye hali kama yako huchagua tofauti wakiwa na akili zao timamu. Kamuulize daktari wako: kikionekana kitu kingine, upasuaji utabadilika vipi? Utachelewa siku ngapi, na kuchelewa huko kuna hatari? Doa jipya litapimwa kwa sindano kwanza kabla mtu hajashika kisu? La kukata titi lote uliza pia, ila usikatwe ili kumnyamazisha dada.

Mumeo mwambie leo. Ataogopa, sawa, aogope akiwa amekushika mkono.

Nikwambie jambo sijawahi kuliandika hapa. Nami nilipigwa picha, nyeupe kama yako, nikaambiwa uko salama, nenda nyumbani. Habari za tishu hakuna aliyezitaja. Miaka miwili baadaye uvimbe ulijitokeza, nikaonyeshwa tu mahali pa kutia sahihi ili nikatwe titi. Mpaka leo nastaajabu kusikia kuna chumba ambamo mwanamke anaonyeshwa mwili wake, kisha anaulizwa, "Unaonaje?" Ijumaa rudi na mumeo, keti kwenye kiti kilekile, na ujibu.