Kadi ya Feni Tatu na Minazi Kumi na Tisa

Quionga, nyuma ya msikiti,
Jumamosi, 9 Agosti 2025

Mpendwa binamu yangu Cassamo,

Assalaam alaikum, wewe na nyumba yako yote hapo Lindi. Ukimwuliza mtu yeyote habari zangu atakwambia Tuaibo ni mzima kama kijana: meno kamili, magoti hayalii, na minazi yake kumi na tisa imeinama kwa uzito wa nazi. Nikipita, watu wananisalimia kwa mikono miwili.

Basi, meno ni manne. Magoti yanalia mpaka jirani anadhani nafungua mlango. Habari ya minazi nitaifikia, usinikimbize.

Na wewe je, kifua kimepoa? Niliambiwa ulilala siku tatu na kikohozi, nikasema huyo anajifanya mgonjwa apikiwe supu ya kuku. Lakini nilikuombea dua, tena ndefu, usije ukasema sikukujali. Na shemeji Hafsa, presha yake imeshuka? Mwambie akiona wewe ndiye unayeipandisha, nyumba yangu ina kitanda kimoja kitupu.

Nakuandikia kwa karatasi kama watu wa zamani kwa sababu simu ya hapa nyumbani ni ya Nazira, na mambo haya sitaki ayasikie. Barua anakuja nayo Mariamo, muuza vitenge, anayevuka mpaka wa Namoto kila wiki mbili. Asipokupa mkononi mwako, usimnunulie soda. Mwandiko utauvumilia. Unajua shule yangu ilivyoishia.

Nazira ni yule mjukuu wangu, mtoto wa marehemu Aiuba, uliyemwona mara ya mwisho akiwa anang'oka meno ya utoto. Sasa ana miaka ishirini na moja. Nikimwita mke wangu ananijibu, "Mume gani, hata sabuni hununui?" Miaka ile tuliyokuwa Pemba, ile ya huku kwetu Msumbiji, kwa kukimbia vita alisoma, akajifunza kuchora nyumba kwa kompyuta. Siku hizi yuko Palma siku nne za wiki, kwenye chumba cha Agostinho, fundi mwashi wa kutoka bara. Mtu anayetaka kujenga tena anakuja, anaeleza: mlango wangu ulikuwa huku, jiko kule. Nazira anaichora nyumba mpaka kivuli cha baraza. Wengine wakiiona wanalia. Agostinho anasema mteja akishalia hawezi tena kuomba apunguziwe.

Sasa imetokea kazi kubwa. Kuna watu wanataka kujenga nyumba arobaini za waliorudi, na wanataka mchoraji atakayewaonyesha mtaa mzima kwa picha inayotembea, kama vile unapita kwa miguu. Nazira amepewa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Kompyuta yake haiwezi. Picha moja tu iliyosimama inaipika tangu sala ya Ijumaa hadi Jumamosi adhuhuri, na ile ya kutembea inaganda njiani kama punda. Asipoipata kazi hiyo atakwenda Nampula, kuna rafiki amemwitia kazi ya kusimama dukani kuuza vocha za simu. Mimi nitabaki na paka, na paka mwenyewe hanipendi.

Kinachomkwamisha ni kitu kinachoitwa kadi ya picha. Vijana wa hapa wanaiita placa. Ni kibao kinachoingizwa ndani ya kompyuta, na kumbe kibao hicho ndicho kinachochora, kompyuta yenyewe inajisifu tu. Zipo kadi ndogo, zipo za kati, na ipo moja kubwa ambayo bei yake ni bei ya mota mpya ya boti. Wallahi sitii chumvi. Nazira anataka hiyo kubwa. Na pesa zitatoka wapi amekwisha kupanga: "Babu, tuuze minazi. Kazi ikilipa tutapanda mingine, na hii nitakuwa nayo miaka."

Wiki tatu nzima nimepigana na kile kibao kama mtu aliyemkamata mwizi. Nikasema hewa ya chumvi itakila. Akasema kitakaa Palma ndani ya chumba kilichofungwa. Nikasema mwakani watatoa kingine, hiki kitakuwa kama khanga ya mwaka jana. Akasema khanga ya mwaka jana bado inafunika. Umeme ukikatika? Agostinho ana jenereta. Nikasema basi nunua ile ndogo, ndogo nayo ni kadi. Akanieleza kwa upole, na upole wake ndio unaoniudhi, kwamba mtaa wa nyumba arobaini na miti yake hauenei kwenye kumbukumbu ya ile ndogo. "Ni kumpakia ng'ombe kwenye mtumbwi, babu. Ataingia miguu tu." Kila mlango ninaoufunga, ninamkuta yuko ndani.

Jumanne akanichukua mpaka dukani Palma, kwa kijana mmoja anaitwa Virgílio. Unajua sisi hapa hatununui mota bila kuisikia. Nikamwambia, "Iwashe niisikie."

"Mzee, hii si ya kusikiliza, ni ya kutazama."

"Hata mke nilimsikia kwanza ndipo nikamtazama."

Nazira akanifinya. Virgílio ana kadi kama hiyo kwenye kompyuta yake mwenyewe, akakubali tujaribu. Nazira akachomeka kiflashi chake. Ile picha ya kutembea, iliyomgandia siku nne, ikafunguka kabla sijamaliza kukohoa.

Cassamo, ilikuwa nyumba yetu. Ile iliyoungua. Baraza ambapo marehemu Atija, mke wangu wa kweli, alikuwa akisuka mikeka, na ndoo yake nyekundu, ile yenye ufa, iko pembeni. Picha ikaingia mlangoni, ikapita ukumbini, ikatokea uani. Huko nyuma ikasimama minazi. Yote kaichora, hata ule uliopinda uliotuangusha mimi na wewe. Makuti yanacheza, vivuli vinatembea mchangani. Nilihesabu. Kumi na tisa. Yule mtoto ameihesabu kwa kichwa, tangu tuko Pemba.

Nikainama, nikaweka sikio kwenye boksi la kompyuta. Nikasema, "Inavuma."

"Ni feni, mzee. Kadi hii ina feni tatu."

"Kitu kinachopepewa na feni tatu kina homa. Hatununui mgonjwa."

Duka zima likacheka. Nazira hakucheka. Nikatoka nje nikajifanya nanunua tumbaku, na tumbaku niliiacha wewe ukiwa bado una nywele.

Sasa nimefika kwenye minazi. Si yangu, Cassamo. Ipo, inazaa, lakini si yangu. Mwaka ule wa kukimbia, nahodha aliyekuwa anapeleka watu Pemba alitaka nauli kwanza ndipo upande. Sisi tulikuwa na nguo tulizovaa. Latifo, jirani yangu, alikuwa na pesa. Nikamwekea rehani minazi yote kwa desturi yetu unayoijua: yeye ataangua mpaka siku nitakapomrudishia chake. Mpaka leo anaangua, na mimi sina cha kumrudishia. Si mtu mbaya, bila yeye tungebaki ufukweni.

Nazira alikuwa na miaka kumi na saba. Alinikuta nimekwisha kumalizana na nahodha, akaniuliza tumelipa nini. Nikamwambia nimemchekesha nahodha mpaka ameamua kutupakia bure. Akacheka mle chomboni, Cassamo, siku ambayo hakuna aliyecheka. Mpaka leo anawasimulia watu: babu yangu alituvusha kwa mdomo wake.

Kwa hiyo Latifo akija kuangua, mimi nachukua fimbo yangu nasimama chini. "Wee Latifo, usiniangushie madafu!" Naye huko juu anaitika, "Ndiyo, tajiri!" Nazira anadhani ni kibarua wangu. Tumecheza mchezo huu tangu turudi, na kila Latifo anaposhuka hatutazamani.

Utaniuliza kwa nini nisimwambie. Nilimwambia. Nilikaa naye jikoni nikasema, "Mke wangu, ile minazi niliweka rehani." Akacheka, akasema, "Babu na uongo wako, sema tu hutaki kuuza." Nimeongopa miaka sabini na minne kwa kufurahisha watu, sasa kweli yangu haina mnunuzi. Mara ya pili nilifungua mdomo, nikaomba chai. Kwa sababu nikimlazimisha aamini, atajua pia minazi ililiwa na nini. Ililiwa na yeye. Yeye na bibi yake, ambaye hata hivyo tulimzika hukohuko Pemba. Sitaki atembee na hilo. Bora anione bahili.

Na kadi inafaa, binamu. Hilo ndilo linaloniua. Ingekuwa takataka ningelala vizuri. Ni ghali, ina homa, na inafaa. Ningekuwa na minazi yangu ningeiuza leo kabla ya adhuhuri, na huo mti uliopinda ningeutia juu kama nyongeza. Nimezunguka kila upande wa jambo hili, sijaona pa kutokea. Wazee wenzangu wananiuliza nini kimenitoa utani, nawaambia ni jino. Nina meno manne tu, hawashangai.

Jana Nazira amesema hivi: "Mimi na wewe hatutaafikiana. Tumwulize babu Cassamo. Ametengeneza redio na televisheni miaka arobaini, na hajawahi kuongopa. Akisema haifai, nitaacha." Atakupigia simu Ijumaa ya tarehe ishirini na mbili, baada ya sala.

Nisalimie sana shemeji Hafsa, na mwanao Rajabo, na dada yetu Ancha, mwambie mimi bado ni mchumba wake hata akiwa na wajukuu kumi. Mungu akufungulie kifua chako na riziki yako, akuweke mpaka tuonane tena tukiwa na macho ya kuonana.

Lililobaki ni dogo. Unakumbuka tulipokuwa watoto wa chuo cha Kurani, mwezi wa Ramadhani, mwalimu alipoweka uji wake wa kufuturia dirishani, ukanywewa alasiri? Aliuliza nani. Wewe ulikuwa na uji kidevuni, na mimi nikasema, "Ni mimi." Nilipigwa fimbo nane. Maneno mawili tu nilikusemea, na sijawahi kukuomba uyarudishe.

Sasa nirudishie moja. Akikupigia, mwambie, "Haifai." Usieleze sababu, huna ujuzi wa kuongopa kwa maelezo. Na tafadhali usikohoe katikati, atajua.

Nikupendaye kwa moyo na kukudai kwa mgongo,

Tuaibo